Rafu ya Kawia Ufike

Wiki iliyopita binti yangu aliingia jikoni na simu mkononi, akasimama mbele yangu kama hakimu anayesubiri watu wanyamaze.

"Mama, chuo chenu ni cha mia sita arobaini na moja."

"Kati ya vingapi?"

"Mia saba."

Binti huyu tunamwita Chiriku, na jina halikumkosea. Amemaliza shule mwaka huu, amefaulu kuliko nilivyofaulu mimi, na fomu ya kuomba vyuo ilitakiwa irudishwe Ijumaa. Fomu ina nafasi tatu, na kila mtu anajua ya kwanza ndiyo yenye uzito. Hapo kwenye ya kwanza alishaandika kwa penseli chuo kimoja cha watu binafsi chenye jengo la vioo, ambacho kwenye orodha hiyohiyo ya ubora wa vyuo ni cha sabini na tatu. Chuo cha umma nilichosoma mimi, kile kilicho mwisho wa barabara ya hospitali, hakukiandika popote.

"Hata kwenye ya tatu?" nikamuuliza.

"Mama, waliomaliza kwa wakati ni asilimia arobaini na nne. Yaani wakiingia watu mia, hamsini na sita wanapotea. Sasa wanapotelea wapi?"

Mimi nina hasira za karibu. Baba yake akitaka kuniambia jambo zito huuliza kwanza kama nimeshakula. Lakini siku hiyo, kabla sijafungua mdomo, nilimtazama shangazi yangu aliyekaa kwenye kiti cha dirishani akikunja nguo zilizotoka kambani. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya shati. Miaka thelathini na minne alifanya kazi masijala ya chuo hicho, na sasa mtoto aliyembeba mgongoni alikuwa anamsomea kwamba kazi yenyewe ni ya mia sita arobaini na moja.

"Wanapotelea wapi," alirudia polepole, akalikunja lile shati, kisha akalikunjua akalikunja tena.

Mimi ni mpima ardhi, na kazi hii imenifundisha jambo moja kuhusu namba: ukisimamisha chombo mahali pabaya utapata vipimo safi kabisa, na vyote vitakuwa vya uongo. Kwa hiyo nilimnyang'anya Chiriku simu, nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayesoma, nione chombo kimesimama wapi. Kuna alama za makala wanazoandika wahadhiri. Kuna alama za wanafunzi wanaotoka nchi nyingine. Kuna alama za sifa, yaani watu wa vyuo vya mbali wanaulizwa kama wamewahi kukusikia. Na kuna alama za kumaliza kwa wakati. Sitetei upuuzi: kwenye makala tulipata tulichostahili, na paa la maktaba yetu lilivuja miaka yote niliyosoma, mpaka tukazijua kwa moyo meza zinazokaa kavu. Orodha haikudanganya. Ilijibu ilichoulizwa. Lakini hiyo ya kumaliza kwa wakati najua ilikotoka, na aliyeileta alikuwa amekaa pale dirishani anakunja shati.

"Kaa chini," nikamwambia Chiriku. "Leo utasikiliza wewe."

*

Masijala ilikuwa chumba kirefu nyuma ya ofisi ya msajili, na mlango wake ulikuwa wa vipande viwili. Kipande cha chini kilifungwa siku zote, na juu yake palipigiliwa ubao ambao wanafunzi waliegemeza viwiko wakisubiri. Ule ubao ulikuwa na mabonde mawili yaliyochimbwa na viwiko tu. Ndani kulikuwa na rafu za chuma zilizopakwa rangi ya kijivu, harufu ya gundi na karatasi kuukuu, na Shangazi. Nilianza kwenda pale nikiwa darasa la pili, maana wazazi wangu walirudi jioni, naye ni dada wa baba, angeniacha wapi? Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa kopo la vibanio vya karatasi vilivyopinda, nivinyooshe. Nikimaliza alinisifu mbele ya watu, na kesho yake nilikuta kopo limejaa vilivyopinda tena. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba alivipinda mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla hata hajavua mtandio wa kichwani, alifungua droo akatoa mhuri wa tarehe. Aliuzungusha siku moja mbele, akaupiga kwenye karatasi chakavu, akatazama, akaridhika. Jumatatu aliuzungusha mara tatu, siku moja moja. Akitoka likizo ya wiki tatu alikaa pale akizungusha siku zote alizokosa mpaka aifikie leo.

"Shangazi, si uruke tu?"

"Siku hazirukwi."

"Na ukiipita kwa bahati mbaya?"

"Nazunguka mpaka ije tena kwa mbele. Tarehe hairudi nyuma, mwanangu."

Nilidhani ni mchezo wa watu wazima. Kumbe mtu akitaka kumjua shangazi yangu, pale ndipo pa kuanzia.

Rafu yenyewe ilikuwa ya mwisho, ile ya dirishani. Sheria ya chuo ilisema hivi: mwanafunzi akikatisha masomo kwa sababu yoyote ile, lazima aandike barua ya kuahirisha kila mwaka, kabla mwezi wa pili haujaisha. Asipoandika, faili lake linapigwa mhuri mwekundu wa AMEACHA, linashushwa ghala la chini, na akirudi siku moja anaanza upya, mwaka wa kwanza, kama vile hajawahi kukanyaga pale. Makarani wengi walifunga mafaili kwa raha zao, kwa kuwa faili lililofungwa halina kazi. Shangazi alikataa. "Mtu ameenda kumuuguza mama yake, wewe unamwandikia ameacha. Ameacha nini? Ameenda kumuuguza mama yake!"

Kwa hiyo mafaili ya walioondoka aliyatenga. Siku mapazia ya masijala yalipobadilishwa, aliomba moja la yale ya zamani, la kijani, akalichana vipande vyembamba, akafungia kila faili la aliyeondoka kwa utepe wake. Juu ya rafu akabandika kipande cha boksi alichoandika kwa herufi kubwa: KAWIA UFIKE. Msajili wa wakati ule alicheka mpaka akashika kiuno, lakini hakukibandua.

Kazi ilikuwa kuwatafuta watu hao kila mwaka ili waandike. Alikuwa na daftari ambalo hakuna mpelelezi angelielewa. Muulize muuza matairi mkabala na kituo cha mafuta, ni kaka yake. Huyu usimpigie asubuhi, yuko zamu. Huyu mama mkwe wake ndiye hupokea simu, sema wewe ni fundi cherehani. Alitaka mstari mmoja tu na sahihi: naomba kuahirisha, nitarudi. Barua zilikuja nyuma ya karatasi za kalenda, nyuma ya vyeti vya hospitali, na moja ilikuja imefungiwa viatu ambavyo mtu alikuwa anamrudishia mwenzake bwenini. Shangazi alitoa viatu, akaikunjua barua, akaipiga mhuri wa tarehe ya siku hiyo, akaitia failini.

Na walirudi. Nimewaona kwa macho yangu, nikiwa kwenye kigoda na kopo langu. Mtu mzima, pengine na mvi, anasimama kwenye ule mlango nusu akiwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, na kabla hajayasema Shangazi ameshainuka, ameshashika utepe. Hakuwauliza walikuwa wapi. Aliwatazama tu, akasema, "Umekonda," au, "Umenenepa," akaufungua utepe. Nimemwona baba mmoja mwenye mabega ya kubeba magunia akiinamia ule ubao na kulia kwa sababu ameambiwa amenenepa.

*

Zamu yangu ilifika. Nilikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, nimeshaolewa na nina mimba, na mahesabu yangu yalionyesha nitamaliza mtihani kisha nijifungue. Mahesabu ya Chiriku yalikuwa mengine. Alikuja miezi miwili kabla, mapafu hayajakomaa, na nikatoka darasani nikaingia wodi ya watoto. Barua yangu ya kwanza niliiandika kwenye benchi la hospitali. Ya pili niliiandika nyumbani, yeye akiwa amelala juu ya mkono wangu wa kushoto. Daktari alisema akifika miaka mitatu mapafu yatakuwa yameshika nguvu, nami nikawa nahesabu: mwaka mmoja tu wa kusoma umebaki, narudi, namaliza.

Hapa ndipo lilipo kosa, na ni kosa ambalo karani mvivu asingelifanya. Shangazi alikuwa na mwiko wake kazini: ndugu ni wa mwisho kwenye foleni. Aliogopa mno kusemwa kwamba anapendelea wa kwao, kwa hiyo mtoto wa jirani alihudumiwa kwanza, mtoto wa adui alihudumiwa kwanza, halafu sisi. Mwaka ule wa tatu wa kuahirisha alifuatilia barua za watu mia mbili na kumi na watatu, nami akaniambia, "Yako tutaiandika nyumbani, tukitulia." Jumamosi alipokuja mtoto alikuwa na homa. Jumamosi nyingine tulikuwa na wageni. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana jambo langu lilikuwa mikononi mwa mtu asiyesahau. Naye, nadhani, nilikuwa karibu naye kiasi kwamba hakuniona kama mtu aliyeondoka. Mwezi wa pili ukaisha.

Na mwaka huohuo ndio alikuja Bwana Asilimia.

Alikuwa mkurugenzi mpya wa mipango, mtu nadhifu mwenye viatu vinavyolia na kikokotoo mfukoni, na jina hilo alipewa na wafagizi kabla hajamaliza wiki. Alikuwa amesoma palepale. Alikipenda chuo kwa dhati, na ndiyo sababu alikuwa mgumu. Orodha za ubora wa vyuo zilikuwa ndiyo zimeanza kusomwa na kila mzazi, na chuo kilikuwa kimeporomoka nafasi themanini kwa mwaka mmoja. Alifuatilia namba moja baada ya nyingine mpaka zikamfikisha kwenye ule mlango nusu. Kwa fomu za wale watengeneza orodha, mwanafunzi aliyefutwa alitoka kwenye hesabu kabisa. Aliyeahirisha alibaki ndani, akihesabiwa mchelewaji mwaka baada ya mwaka.

"Bi Mkubwa, rafu yako hii inatuvuta miguu."

"Rafu yangu haijamgusa mtu mguu," Shangazi akamjibu. "Imekaa pale, imetulia."

Alicheka, lakini alipanga siku. Alhamisi angekuja na msajili, wapitie faili moja moja. Lisilo na barua ya mwaka huu litafungwa. "Na nikikuta barua moja tu ya kubuni, Bi Mkubwa, nafunga rafu nzima."

Jumatano Shangazi aliyapitia yote mwenyewe, mafaili mia mbili na kumi na nne, akaacha la ndugu mwisho kama desturi yake. Alipolifungua, mahali pa barua palikuwa patupu.

Alikuja kwangu jua bado liko juu, kwa miguu, bila mkoba. Hakukaa. Aliniambia akiwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, na nilikuwa sijawahi kuona mikono yake haina kazi.

Mimi sikuona tatizo. Nilichomoa karatasi palepale. "Naandika sasa hivi. Wewe zungusha mhuri, upige mwezi wa pili. Kidole kimoja tu, Shangazi. Nani atajua?"

"Tarehe hairudi nyuma."

"Hiyo ni methali ya mtoto wa kigodani! Mimi nakuambia habari ya maisha yangu!"

"Najua ninachoambiwa." Sauti ilikuwa ndogo. "Kosa ni langu. Nilikuacha wa mwisho nisionekane nakupendelea."

"Basi hongera, hujanipendelea. Umenimaliza."

Alisimama kidogo kama anangoja nimalize, nami nikamalizia: nikamwambia asirudi nyumbani kwangu. Mtu aliyenipindia vibanio ili nipate cha kunyoosha. Hata leo nikilikumbuka neno lile naona aibu ya kweli, ya kuinamisha kichwa nikiwa peke yangu.

Kesho yake faili langu lilifungwa. AMEACHA, kwa wino mwekundu. Najichekea wakati mwingine, maana katika watu wote wa rafu ile ni mimi peke yangu niliyewahi kukisaidia chuo kwenye orodha: siku waliponifuta, hesabu ikapanda kidogo.

Miezi kumi na mmoja sikusema naye. Alikuja vilevile kila Jumamosi kumchukua mtoto, akasimama nje ya mlango, hakuvuka kizingiti kwa kuwa nilimkataza. Nilimkabidhi Chiriku bila kumwamkia. Kwa malezi niliyopewa hilo ni tusi, na nililikusudia. Naye aliitikia. Kila Jumamosi, kwa shikamoo ambayo sikuitoa, alisema, "Marahaba, mwanangu," akaondoka na mtoto.

*

Nilianza upya, mwaka wa kwanza, nimekaa na watoto walioniita Mama na kuniomba niwashikie nafasi kwenye meza kavu. Shangazi alikuwa amestaafu mwaka huohuo, na mtu wa kunishikia mtoto nilikuwa sina mwingine, kwa hiyo shida ilitupatanisha midomo. Tuliongea: amekula, amelala, ana kikohozi. Moyoni bado nilikuwa nimefunga.

Siku ya mahafali nilikuwa nimesimama uwanjani na joho la kuazima linalonipwaya, nikasikia viatu vinalia nyuma yangu. Bwana Asilimia alikuwa amezeeka. Alinipa mkono akanipongeza, nami nikampa ncha za vidole tu.

"Umenikasirikia, na una haki," alisema. "Lakini shangazi yako aliwahi kukueleza siku ile ilikuwaje?"

Hakuwahi, na mimi sikuuliza.

"Nilikwenda pale kutafuta barua moja mbovu. Nilikuwa na hakika nitaipata, nani angeweza kuwafuatilia watu wote wale kwa haki? Kabla sijakaa, alinyoosha mkono mwishoni mwa rafu, akatoa faili moja, akaliweka mbele yangu. Akasema, hili halina barua, ni la mtoto wa kaka yangu, anza nalo. Msajili akamwambia, Bi Mkubwa, hili tungeweza kuliacha. Akasema, mkiliacha hili, na yale mengine hamtayaamini." Akatazama viatu vyake. "Nilisoma mafaili arobaini. La arobaini na moja nikalirudisha bila kulifungua. Mtu anayemfuta mtoto wa kaka yake hawezi kubuni barua kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Rafu nikaiacha ilivyo, na namba zetu nikazituma zilivyo. Tumebaki hukohuko chini."

Watu mia mbili na kumi na watatu walikuwa wamebaki na njia ya kurudi kwa sababu yangu ilifungwa, na aliyeifunga aliibeba siri ile miaka minne yote huku anamfulia mwanangu nguo.

Nilimkuta Shangazi kwenye uzio, ameshikana mkono na Chiriku, viatu amevua amevishika kwa sababu vinambana. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu katikati ya uwanja. Yote yalinikimbia.

"Shikamoo, Shangazi."

Alinitazama kutoka kofia hadi pindo la joho.

"Marahaba," akasema. "Umenenepa."

Nililia kama yule baba wa magunia. Sikujali nani ananiona.

*

Chiriku alisikiliza yote hayo bila kukatiza hata mara moja, jambo ambalo nyumba hii haijawahi kuliona. Alikuwa anakumbuka mahafali, ana picha yake amevaa kofia yangu iliyomfunika masikio. Alijua nilisoma nikiwa na mtoto. Hakujua kwamba nilishasoma mara moja kabla yake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekutoa chuoni," akasema.

"Ni mapafu yako. Na tazama yalivyolipa, hayapumziki."

Hakucheka. Alimgeukia Shangazi. "Bibi, na wale wengine? Walirudi wote?"

"Wote, hapana," Shangazi akasema. Alikuwa amemaliza shati, ameanza soksi. "Wengine walifariki. Wengine maisha yaliwashika. Lakini yule fundi anayetengeneza mashine za ile hospitali uliyolazwa, zile za kupumulia, alikaa rafuni kwangu miaka saba. Na mwalimu wako wa hesabu, yule unayemsifia kila siku? Mitano."

Chiriku alikitazama kioo cha simu muda mrefu. Halafu, kwa kuwa ni mtoto niliyemzaa mimi, akanyanyua kidevu. "Sawa. Lakini hiyo ni zamani, Bibi. Ulikuwa wewe. Sasa hivi nitajuaje kukoje?"

Swali lilikuwa la haki. Shangazi ameondoka pale miaka kumi na minne. Rafu ya chuma inahamishwa kwa nusu saa, na kipande cha boksi kinatupwa kwa dakika moja. Alikuwa hajawahi kurudi kuangalia. Nilifahamu wakati ule kwamba aliogopa.

"Wapigie," alisema mwishowe. "Vyuo vyote viwili. Waulize mtu akiondoka mwaka wa tatu, nani anabaki na faili lake."

Chiriku aliweka simu mezani, sauti juu. Cha vioo walipokea mara moja. Mashine ikamkaribisha, akabonyeza moja, akabonyeza nne, akapata dada mwenye sauti nzuri na adabu kabisa, aliyeeleza kwamba mwanafunzi asipoonekana siku tisini mfumo unamwondoa wenyewe, na akitaka kurudi anakaribishwa kuomba upya kama mwombaji yeyote. Chiriku akashukuru.

Kisha akapiga chuo cha barabara ya hospitali. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, na mimi nilianza kutafuta la kusema.

Shangazi alitazama saa ya ukutani. "Wanakunywa chai. Subiri."

Mtu alipokea, mdomo bado una kitu. "Masijala."

Chiriku akauliza lile swali.

"Ukiondoka?" Sauti ilikuwa ya kijana, ikameza. "Unaandika barua kila mwaka, kabla ya mwezi wa pili kuisha."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau tunakutafuta. Wewe uache tu namba ya mtu anayekujua vizuri, maana simu watu wanabadilisha. Lako litakaa hapa dirishani, kuna rafu ya watu kama hao. Inaitwa Kawia Ufike."

Sikuthubutu kumtazama Shangazi.

"Jina hilo nani aliliweka?" Chiriku akauliza.

"Sijui, dada yangu. Nimelikuta. Waliotangulia ndio walituachia."

Mkono wa Shangazi ulipita juu ya rundo la nguo ukaichukua simu. Aliinamia karibu kabisa, kama watu wa umri wake wanavyofanya, ingawa sauti ilisikika nyumba nzima.

"Mwanangu, utepe bado ni wa kijani?"

"Wa kijani, ndiyo. Siku hizi tunanunua dukani." Kijana akauliza, "Kwani nani mwenzangu?"

Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Karani," alisema. "Karani wa zamani. Endelea na chai yako, baba, isipoe."

Chiriku alikuwa ameshaivuta fomu yake na kuchukua kifutio.